Mahati ya Seremala na Mkono wa Mpatanishi

Neno la kutafakari: Ayubu 9:32–33 na 1 Timotheo 2:5



Mwezi huu napenda tujifunze kwa chombo kidogo cha fundi seremala, nacho ni mahati. Chombo hiki hakina fahari. Huwekwa kando ya randa na patasi, na mtu asiye fundi huweza kukitazama asijue kazi yake. Lakini Bwana wetu mwenyewe alijulikana Nazareti kuwa seremala, kama tusomavyo katika Marko 6:3. Basi si aibu kwetu kutafuta mafundisho penye vumbi la mbao.

Wazee wetu wa Unyakyusa walijua tangu kale kujenga nyumba safi za mianzi. Wamisionari wa Berlin na wale wa Moravian walipofika katika nchi hii mwaka 1891, kazi ya mbao za kupasuliwa ikaendelea pamoja na kazi ya Injili, kwa kuwa nyumba za ibada na shule zilihitaji milango, mabenchi na meza. Hata leo ukipita Tukuyu au Kiwira utasikia sauti ya msumeno, na kuziona mbao za msindano zimesimamishwa zikauke.

Fundi afanyapo mlango, huchimba tundu katika mti wa kusimama, na kuchonga ulimi katika mti wa kukingama, kisha huviunganisha. Tundu lile sharti liwe katikati ya unene wa mti. Likiegemea upande mmoja, mti wa upande ule huwa mwembamba, na ulimi uingiapo mti hupasuka. Hapo ndipo mahati itakiwapo. Ni kijiti kilichopitishwa katika kibao kidogo, na karibu na ncha ya kijiti pana msumari mkali. Kibao huteleza juu ya kijiti, na kikifika mahali pake hukazwa kwa kabari au kwa parafujo. Fundi hukibana kibao ubavuni mwa mti, husukuma, na msumari huchora mstari ufuatao ukingo.

Sasa tazameni jinsi aonavyo katikati. Tuseme fundi adhani mti wake una unene wa milimita 50, naye ameiweka mahati yake kwenye 25. Kumbe randa imekwisha kuupunguza mti, umebaki milimita 46. Akipima kutoka upande wa kulia tu, ataona mstari mmoja mzuri ulionyooka, wala hatajua kwamba amekosa. Akigeuka na kupima kutoka upande wa kushoto, utatokea mstari wa pili, na baina ya mistari hiyo pana milimita 4. Ndipo ajuapo kwamba katikati ya kweli iko baina ya mistari ile miwili. Tena ajua kwamba kosa la mahati yake si milimita 4 azionazo, bali ni 2 tu, nusu ya nafasi ile. Hukirudisha kibao kwa kiasi hicho, hujaribu tena pande zote mbili, na mistari huwa mmoja.

Iko na mahati ya namna nyingine, ambayo mafundi hujitengenezea wenyewe. Ni kipande cha ubao chenye vijiti viwili vilivyosimama, kimoja huku na kimoja huku, na katikati yao pana tundu la kalamu. Fundi hukiweka juu ya mti, hukizungusha mpaka kijiti kimoja kimegusa ukingo huu na cha pili kimegusa ukingo wa pili, kisha huchora. Hapo hana haja ya hesabu. Mti uwe mwembamba au mnene, mradi usizidi nafasi iliyo baina ya vijiti, kalamu itapita katikati. Lakini kijiti kimoja kikiacha kugusa, mara moja mstari huenda kombo.

Ndugu zangu, nionapo vijiti vile viwili nalikumbuka neno la Ayubu katika sura ya 9. Ayubu alikuwa katika mateso, akatamani kuileta hoja yake mbele za Mungu. Lakini akaona kwamba Mungu si mwanadamu kama yeye, hata waende pamoja hukumuni. Akalia kwamba hakuna mwamuzi baina yao, awezaye kuweka mkono juu yao wote wawili. Ayubu hakuomba mtu wa kumpendelea, wala mtu wa kukaa mbali akitazama. Aliomba mtu mwenye mikono miwili ya kutosha, mmoja ufike kwa Mungu na mmoja ufike kwa mtu aketiye majivuni.

Kilio kile kimejibiwa. Mtume Paulo amwandikia Timotheo kwamba mpatanishi baina ya Mungu na wanadamu ni mmoja, naye ni mwanadamu Kristo Yesu. Nasi tumefundishwa katika Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, katika sehemu ya pili ya Imani, kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli na tena ni mtu kweli. Angalieni: hakuwa nusu Mungu na nusu mtu, kana kwamba katikati ni mahali pa kuchanganya vitu. Kama angekuwa nusu, asingefika upande wowote. Yeye amshika Baba kwa utimilifu, naye atushika sisi kwa utimilifu, hata katika njaa, machozi na kaburi. Pale msalabani mikono yake ilinyoshwa, haki ya Mungu isipunguzwe, wala mwenye dhambi asiachwe.

Basi, sisi tuliopatanishwa kwa namna hiyo, twapatanishaje wengine? Neno hili lawahusu hasa ninyi wazee wa kanisa na wainjilisti, ambao kila juma mwaletewa mashauri. Mume amekufa, ndugu zake wasema shamba la migomba na la chai ni mali ya ukoo, nalo lirudi kwao. Mjane asema amelilima tangu aolewe, na watoto wake hula humo. Shauri kama hili laweza kumwacha mama na watoto bila chakula, au laweza kutenga ukoo mzima na meza ya Bwana kwa miaka mingi. Haifai kulikata kwa mstari mmoja.

Wanyakyusa wana neno zuri, ukwangala, maana yake kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, kula nao na kuzungumza nao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti katika nchi hii pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika mengi juu ya jambo hili. Desturi hii ni njema. Lakini mzee ajihadhari nayo siku ya shauri. Kwa maana shemeji wa yule mjane huenda ni rika lake, nao wameketi pamoja jioni, naye amekwisha kusikia habari yote kabla baraza halijafunguliwa. Mjane hakuwapo pale. Mithali 18:17 yatuonya kwamba asemaye wa kwanza huonekana ana haki, mpaka aje mwenziwe na kumchunguza. Huo ndio mstari mmoja mzuri ulionyooka, ambao hauonyeshi kosa lake mpaka mti upimwe na upande wa pili. Hata serikali iliona hatari hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliagiza kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake, ili kusuluhisha wagombanao juu ya ardhi. Ikiwa sheria ya nchi yataka pande zote ziguswe, kanisa la Kristo litakuwa nyuma?

Lakini msije mkadhani kwamba kusikia pande mbili ni kuligawa kila jambo nusu kwa nusu. Wako wapatanishi wavivu wasemao, Kila mmoja apate nusu, twende zetu. Kumbukeni Sulemani katika 1 Wafalme 3. Alipoagiza mtoto akatwe vipande viwili, hakuwa akitafuta nusu. Alikuwa akiutafuta moyo wa mama, na alipouona alimpa mtoto wote. Fundi naye hapimi kutoka ukingo wenye magome. Kwanza hupiga randa pande zake, na kuzijaribu kwa guni. Vivyo hivyo maneno ya pande mbili sharti yapigwe randa kwanza: lipi limeonwa kwa macho, lipi limesikiwa njiani, nani ashuhudia. Bwana ameagiza kwamba kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Na pengine mkiisha kuchunguza mtaona kwamba upande mmoja umeoza. Mume ampigaye mkewe na mke apigwaye hawana katikati ya kukutania, ili kila mmoja atubu nusu. Mti uliooza haupimwi. Hukatwa mpaka uonekane mti mzima. Aliyepiga aitwe kwenye toba, na aliyepigwa alindwe.

Tena jifunzeni kwa ile nusu ya kosa. Fundi aonapo nafasi ya milimita 4, akikirudisha kibao kwa milimita 4 zote, atakuwa amekosa tena kwa kiasi kile kile, ila kwa upande wa pili. Luther aliwahi kuufananisha ulimwengu na mkulima mlevi juu ya farasi: ukimwinua upande mmoja, huanguka upande wa pili. Nasi twafanya hivyo. Usharika ulioonewa na mzee mkali humchagua mzee asiyeweza kukemea. Baba aliyelelewa kwa fimbo tupu humwacha mwanawe bila maonyo. Na wagombanao, kila mmoja huiona nafasi yote iliyo baina yao kuwa kosa la mwenzake. Mara nyingi kila mmoja akijongea kwa sehemu yake tu, watakutana. Mpatanishi mwenye busara huwaonyesha hilo kwa upole, wala hamlazimishi mmoja kuutembea mwendo wote peke yake.

Mwisho, yatupasa kuijaribu mahati yenyewe. Ile ya vijiti viwili, tundu la kalamu lisipokuwa katikati barabara, kila mstari wake utakosa, wala jicho haliwezi kulitambua. Fundi hufanyaje? Huchora mara moja, kisha huigeuza mahati, kijiti cha kulia kiwe kushoto, na huchora tena pale pale. Mistari ikiwa mmoja, mahati ni kweli. Ikiwa miwili, kombo haliko katika mti. Liko katika mahati.

Hivi ndivyo Nathani alivyomfanyia Daudi katika 2 Samweli 12. Daudi hakuweza kujihukumu mwenyewe. Nathani akaligeuza shauri, akamwekea mbele tajiri na maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Mfalme akahukumu kwa haki, kisha akaambiwa kwamba mtu yule ndiye yeye. Wewe nawe, mzee wa kanisa, kabla hujalitamka neno lako, geuza. Jiulize: kama mjane huyu angekuwa dada yangu, na shemeji yake angekuwa mtu wa ukoo mwingine, je, ningechora mstari huu huu? Kama aliyeshitakiwa angekuwa maskini, naye aliyeshitaki angekuwa ndiye aliyetoa mabati ya kanisa, je, ningesema vivyo hivyo? Kumbukumbu la Torati 16:19 yasema kwamba rushwa hupofusha macho ya wenye hekima. Zawadi, undugu, hofu na kisasi vyote huhamisha tundu la kalamu kidogo kidogo, na mtu hudhani angali akichora katikati.

Nani basi aweza kazi hii? Hakuna kati yetu ambaye vijiti vyake ni sawa kwa asili. Ndiyo maana baraza la wazee haliwezi kufunguliwa kwa sala ya haraka haraka kama desturi tu. Yafaa wazee wakae kwanza kama watu waliopatanishwa, waziungame dhambi zao, wakumbuke kwamba wao wenyewe waliguswa na mkono wa Mpatanishi walipokuwa mbali. Mtu anayejua kwamba ameokolewa kwa neema hana haja ya kumpendelea mwenye nguvu ili apate heshima, wala kumdharau mnyonge ili aonekane mkali.

Nanyi mlio na magomvi nyumbani au mpakani mwa shamba, msingoje mpaka mti upasuke. Mwendeeni ndugu yenu, nanyi kubalini kupimwa na upande wa pili. Bwana Yesu aweza kuweka mkono wake juu yenu nyote wawili. Amekwisha kufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Na tuombe: Ee Bwana Yesu Kristo, uliye Mpatanishi wetu wa pekee, utusamehe hukumu zetu za haraka na masikio yetu yaliyosikia upande mmoja. Uwape wazee wetu moyo ulio sawa, uwalinde wajane na yatima, na kuzipatanisha nyumba zilizotengana, kwa ajili ya jina lako. Amina.