Ugonjwa Usiouma

Soma Law. 4:27, 28 na Zab. 19:12. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu wajibu wetu kwa jambo ambalo bado hatujalijua?

Ateri kubwa zinazotoka moyoni hugawanyika tena na tena hadi kuwa mishipa midogo sana. Kuta za mishipa hiyo zina misuli inayokaza na kulegea, na ndiyo inayoamua kiasi cha damu kinachofika kwenye figo, ubongo na macho. Shinikizo la damu likikaa juu kwa miaka mingi, au kisukari kisipodhibitiwa, kuta hizo hunenepa na kuwa ngumu, na njia ya damu hupungua. Figo hupata makovu. Katika ubongo hutokea viharusi vidogo, vingine bila mtu kutambua, na kumbukumbu hufifia. Macho nayo hupungukiwa nuru. Lakini kwa muda mrefu mtu huyo huenda asisikie maumivu yoyote. Analima, anaimba kwaya, anahubiri.

Hapa pana swali zito. Je, mtu anawajibika kwa madhara asiyoyahisi?

Sheria ya Musa haikusema kwamba kosa lililofanywa bila kujua si kosa. Hata hivyo, mwenye kosa alitakiwa kuleta sadaka baada ya kujulishwa. Kujua ndiko kulikomtaka achukue hatua. Basi tuseme nini juu ya mtu anayepita kando ya meza ya kupimia presha na kusema, “Nikipima nitaambiwa ninaumwa”? Huyo hawezi kujitetea kwa kutojua, kwa sababu amechagua kutojua. Daudi aliomba atakaswe na makosa yaliyofichika kwake. Anayeomba hivyo kwa dhati hawezi pia kukimbia kipimo.

Franklin D. Roosevelt, Rais wa Marekani, alipimwa Machi 1944 akakutwa na presha ya 186/108. Presha yake ilikuwa imepanda kwa miaka kadhaa, lakini wananchi waliambiwa kwamba afya yake ilikuwa njema. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa wa damu ulipasuka katika ubongo wake, akafa akiwa na umri wa miaka 63. Dawa za kushusha presha tunazozijua leo hazikuwapo wakati huo. Msaada ambao rais hakuweza kuupata, leo unapatikana katika zahanati nyingi. Aliyepewa nuru zaidi ana wajibu zaidi.

Soma Kut. 8:8-15. Ni nini kilichomfanya Farao aufanye moyo wake kuwa mgumu?

Angalia kwamba Farao aliugeuza moyo wake alipopata nafuu, si wakati wa pigo. Jambo kama hilo hutokea katika makanisa yetu. Ndugu anatumia dawa, presha inashuka, anajisikia vizuri, kisha anaziacha. Wakati mwingine anatoa ushuhuda kwamba ameponywa kwa maombi. Hatuna shaka kwamba Mungu huponya. Lakini kujisikia vizuri si uthibitisho wa kupona, maana ugonjwa huu haukuwa ukiuma hata kabla ya dawa. Nafuu aliyoipata ilitokana na kile kile anachokitupa.

Soma 2 Fal. 20:1-7. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi uponyaji. Hata hivyo, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ya Mungu haikuifanya dawa kuwa ya bure, wala dawa haikuwa dalili ya kukosa imani. Anayemeza kidonge chake kila asubuhi akiomba anatembea katika njia ya Hezekia. Vivyo hivyo anayepunguza chumvi, anayefanya mazoezi na anayeepuka tumbaku na pombe anautunza mwili ulio hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor. 6:19, 20).

Lakini tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wanafunzi walipomwona kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi (Yn. 9:1-3). Mishipa hukakamaa pia kwa sababu ya uzee na kwa yale tuliyorithi kwa wazazi. Wapo waliotunza kanuni za afya tangu ujana na bado wakapata kiharusi. Anayelala kitandani hahitaji kuulizwa alikuwa akila nini. Anahitaji mtu wa kumfulia nguo, kumsindikiza kliniki na kuomba pamoja naye. Wajibu wa kujichunguza ni wangu juu yangu mwenyewe. Sikupewa ili nimhukumu ndugu yangu.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kutojua na kukataa kujua? Toa mifano katika afya na katika maisha ya kiroho.

2. Mshiriki anasimama kushuhudia kwamba ameacha dawa za presha kwa imani. Kanisa limjibu namna gani bila kumvunja moyo na bila kuhatarisha uhai wake?

3. Tunawezaje kufundisha ujumbe wa afya bila kuwaongezea wagonjwa mzigo wa lawama?