Mwenye Gunia la Mwisho: Suala la Bei ya Chakula Kisiwani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu mmoja katika wenye maduka wa Unguja ameniuliza suala ambalo si lake peke yake, bali ni la kila mtu anayeuza au anayenunua chakula katika visiwa vyetu. Amesema: "Shekhe, mimi ni mwenye duka mdogo. Nina magunia ishirini ya mchele niliyoyanunua kwa bei ya zamani. Sasa meli imechelewa, mchele umepanda mjini, na Ramadhani i karibu. Nikiuza kwa bei ya zamani, fedha nitakazopata zitanirudishia magunia kumi na tano tu. Nikiuza kwa bei mpya, naona haya kuwatazama majirani zangu usoni. Na nikifunga ghala nikangoja wiki mbili, nitapata zaidi kuliko yote hayo. Katika njia tatu hizi, ipi ni halali, na ipi ni njema?"

Nimelipenda suala hili kwa sababu mwenyewe amelitenga neno halali na neno njema. Wengi wetu tumeyafanya maneno mawili haya kuwa neno moja. Na tukishapata fatwa ya halali, hatuulizi tena.

Kwanza na tuseme haki ya mwenye duka, kwani ni dhulma kumlaumu mtu kwa kosa lisilo lake. Chakula cha kisiwani hakiwezi kuwa rakhisi kama cha bara. Mchele unaotoka Bara Hindi, au Pakistani, au Thailandi, umelipiwa nauli ya meli, na ushuru, na ujira wa wachukuzi wa bandarini. Na gunia lililoingia maji halina wa kulilipa ila mwenyewe. Vitunguu na mbatata za bara nazo huvuka mkondo kutoka Dar es Salaam, na kila mkono unaozipokea hutaka chake. Bei hii naiita bei ya bahari. Anayemwambia mwenye duka auze kana kwamba bahari haipo, hajui hesabu.

Wala hali hii haikuanza jana. Zamani za Wareno kisiwa cha Pemba kilikuwa kikijulikana kwa wingi wa mpunga, na mchele wake ulikuwa ukipelekwa Mombasa. Kisha karne ya 19 ikaja karafuu, na Sayyid Said akaihimiza sana. Tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Basi kisiwa kilichokuwa kikilisha wengine kikawa kinalishwa. Hapana aibu katika karafuu. Imejenga nyumba na misikiti, na imesomesha watoto. Lakini karafuu hailiwi. Mwenye kuuza karafuu ili anunue mchele ameliweka tumbo lake mikononi mwa watu wa mbali.

Na watu wa mbali wana shughuli zao. Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele wa huko ulikatika, na Unguja ukaingia mgao. Na mgao huo ukapangwa kwa makabila, mwenye kupewa mchele akapewa, na mwenye kuambiwa ale muhogo akaambiwa, hata watu wakawa wanajadiliana nasaba zao kwa ajili ya kibaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya visiwani ilizuia chakula cha nje, na watu wakapanga foleni za mchele, unga na sukari. Na Julai 2023 serikali ya India ilikataza kutoa nje mchele mweupe usio basmati, na bei ikapanda duniani. Katazo hilo halikuondolewa hata Septemba 2024. Katika mambo yote hayo mtu wa Unguja hakushauriwa wala hakukosa. Mlango ulifungwa naye yumo ndani. Na walio ndani ni wengi: hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 1,303,569 katika visiwa hivi, na ya mwaka 2022 ikapata 1,889,773.

Sasa tuitazame sharia. Bei zilipanda Madina zama za Mtume (s.a.w.), na watu wakamwomba awawekee bei. Akakataa, akawaeleza kwamba kupanda na kushuka kwa riziki kumo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali hapana mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hivyo muuzaji ana haki, na mali yake haichukuliwi kwa nguvu kwa kuwa tu watu wameona ghali. Lakini Mtume huyo huyo amemhukumu mwenye kuficha chakula kwa kungojea bei kuwa ni mwenye dhambi. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 1328, ameyakusanya mambo mawili haya: bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, hilo ni jambo la Mungu, ama wenye bidhaa wakikataa kuuza kitu ambacho watu hawana budi nacho ila kwa kuzidisha juu ya thamani inayojulikana, basi hulazimishwa kuuza kwa thamani ya mfano wake.

Na sisi watu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi'i tunajua alivyoeleza Imamu Nawawi: ihtikari iliyoharamishwa ni kununua chakula wakati wa ughali na kukiweka ili kizidi kupanda, ama aliyenunua wakati wa urakhisi akaweka, hiyo siyo. Nadhani ndugu yetu muulizaji ameisikia kauli hii, na ndiyo iliyompa tamaa ya ghala. Amenunua wakati wa rakhisi. Basi afunge na angoje! Lakini asome mpaka mwisho, kwani Imamu huyo huyo amesema wanavyuoni wamewafikiana kwamba mtu akiwa na chakula, na watu wakawa na dharura nacho wala hawapati kingine, hulazimishwa kuuza ili kuwaondolea watu madhara.

Maneno hayo, "wala hawapati kingine", ndiyo kiini cha suala letu. Biashara katika Uislamu imejengwa juu ya kuridhiana. Na mimi nauliza: ni nini kuridhiana? Mtu aliyeshikwa shingo akasema "ndiyo" hakuridhia. Ridhaa haiwi ridhaa ila kwa mtu anayeweza kusema "la" na akaenda zake. Mtu wa bara ikiwa bei haikumpendeza huenda soko la pili, au hungoja gari la kesho. Mtu wa kisiwani, siku ambazo meli haijafika, akitoka dukani kwako hufika pwani, na pwani hapana kitu ila maji. Akirudi akakulipa utakacho, usiseme ameridhia. Hakuwa na pa kwenda.

Basi mwenye gunia la mwisho kisiwani si tujjari kama tujjari wengine. Siku mchele ukiwa tele, yeye ni mmoja katika mia, na akipandisha bei watu watampita. Siku mchele ukikatika, ameshika ufunguo wa mlango wa nyumba ambamo watu wote wamo. Hakuuomba ufunguo huo, wala hakuununua alipokuwa akinunua mchele. Ameupata kwa kuchelewa kwa meli. Nguvu aliyoipata mtu bila ya kazi yake ni amana, na amana haiuzwi.

Atasema mtu: "Bei kubwa ndiyo inayowavuta tujjari walete chakula, ukiwaonea haya majirani, meli haitakuja." Neno hili lina ukweli, na ndiyo sababu sikusema auze kwa bei ya zamani. Lakini tujjari wa ng'ambo huvutwa na bei ya mjini inayojulikana, si na ghala lililofungwa uchochoroni. Kufunga ghala hakuleti meli hata moja.

Na jambo hili wameliwaza watu hata kabla ya Uislamu. Mrumi aitwaye Cicero aliandika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) juu ya kisiwa cha Rhodes kilichopatwa na njaa. Tajiri amefika na nafaka kutoka Iskandaria, naye ameona njiani merikebu nyingine zinakuja. Je, awaambie watu, au anyamaze auze ghali? Akataja wanafalsafa wawili. Diogenes alisema kunyamaza si kudanganya. Muuzaji haimlazimu ila kusema kasoro za bidhaa ambazo sheria imeamuru zisemwe. Mwanafunzi wake Antipater akasema la, kwani mtu ameumbwa awafae wenziwe, na hana ruhusa ya kuwaficha jambo lenye manufaa nao. Cicero akaona haki iko kwa Antipater. Na Mtume wetu (s.a.w.) amekataza watu kutoka kuupokea msafara njiani kabla wenye bidhaa hawajafika sokoni wakajua bei. Yote ni mlango mmoja: usimle mwenzio kwa kutojua kwake.

Imamu Ghazali ametaja katika Ihya kisa cha mtu wa Wasit aliyepeleka jahazi la ngano Basra, akamwandikia wakili wake aiuze siku ile ile itakayofika. Tujjari wa Basra wakamwambia wakili angoje wiki moja. Akangoja, akapata faida maradufu, akamwandikia bwana wake kwa furaha. Bwana akamjibu kwamba yeye alikuwa ameridhika na faida ndogo pamoja na salama ya dini yake, na akamwamuru atoe fedha zote sadaka kwa mafakiri wa Basra, huenda akaokoka, asipate thawabu wala asipate dhambi. Wiki moja tu, ndugu yangu! Nawe umeniuliza wiki mbili.

Basi jawabu yangu ni hii. Kufunga ghala hali watu wanatafuta, usikukaribie. Kuuza kwa bei ya zamani si wajibu wako. Ukifanya ni fadhila, lakini duka likifa mtaa nao utapata khasara. Uza, na hesabu kwa magunia, usihesabu kwa shilingi. Weka bei ambayo magunia yako ishirini yatakurudishia magunia ishirini pamoja na chakula cha watoto wako kwa kadiri ya dasturi yako. Ukifanya hivyo hukumdhulumu mtu. Umelipa bei ya bahari, nao wamekulipa. Ama ukiona ishirini yamekuwa ishirini na tano, jiulize matano hayo yametoka wapi. Bahari haikuyaleta. Yametoka katika khofu ya majirani zako. Na wauzie wa kibaba kabla ya wa gunia. Na ukijua meli imeonekana, sema.

Nimekwisha na muuzaji, na sasa zamu ya mnunuzi. Na hapa sitamtaja mtu ila nafsi yangu. Mwaka 2023, niliposikia khabari ya katazo la India, nilitoka nikanunua magunia matatu, na nyumba yangu hula gunia moja kwa muda mrefu. Nilijiambia nawahifadhi watoto. Wiki ya pili mjane mmoja jirani yetu alituma mtoto kuazima vibaba viwili, kwa kuwa duka la mtaani limekwisha mchele. Nilimpa, naye akaniombea dua, na ile dua ikaniuma kuliko tusi. Duka lilikwisha mchele kwa sababu ya watu kama mimi. Tulikuwa tukimlaani tujjari barazani, na kila mmoja wetu ana ghala dogo uvunguni mwa kitanda.

Kadhalika Ramadhani. Mwezi wa kufunga ndio mwezi tunaonunua zaidi: sukari, unga, mafuta, nyama, tunapandisha bei kwa mikono yetu, kisha tunamwaga yaliyosalia usiku. Na mashamba tumeyaacha, na muhogo na ndizi tunavidharau, kana kwamba heshima ya mtu imo katika wali. Kisiwa hakitajitosheleza kwa kila kitu, na wala si lazima. Lakini shina la muhogo nyuma ya nyumba ni "la" ndogo ambayo mtu anaweza kuisema mbele ya duka.

Basi kila mmoja na ajiulize usiku wa leo: kilichomo ndani ya nyumba yangu, ni akiba au ni zuio? Tofauti yake haimo katika wingi wa magunia. Imo katika jirani aliyekosa, na wewe ukijua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na moyo wa kuridhika nayo, na jicho la kumwona mwenzetu kabla hajaomba. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.