Matundu ya Wavu

Ukitaka kujua mtu anathamini nini, tazama matundu ya wavu wake. Kule Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wavu wa migebuka haukamati dagaa. Je, nani atasema ziwani hakuna dagaa?

Mimi nami nina wavu. Nilikuwa naiga kwenye kompyuta mwendo wa maji ya Mto Katuma, unaotoka upande wa Mpanda kwenda Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974. Kompyuta haijui mto, inajua vipande tu. Basi unaigawa ardhi kwa miraba au pembetatu, nayo inakokotoa kina na kasi ya maji, kipande kimoja kimoja. Kilicho chembamba kuliko kipande kinapotea.

Mtoni na kwenye mabwawa ya viboko niliweka miraba midogo. Mashambani, mita 100 kila upande. Nikamwonyesha mjomba, mkulima wa mpunga. Akakodoa macho.

“Sasa mwanangu, mfereji wangu uko wapi?”

Haupo. Upana wake hatua mbili tu.

Jamani, sikumchukia mjomba! Ukipunguza ubavu wa mraba nusu, miraba inakuwa mara 4. Tena kwa njia niliyotumia, hatua za muda nazo lazima zipungue nusu, sharti walilolionyesha Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928. Kazi inakuwa mara 8. Huwezi kukodolea macho kila mahali, lazima uchague. Na mimi nilishachagua viboko kabla hata sijajiuliza.

Nikamwambia nitamwingiza. Akanyamaza kidogo.

“Ukinichora si ndiyo watanijua? Kiangazi viboko wakibanana kwenye tope, nitaambiwa ni mimi.”

Kweli bwana. Mifereji midogo ikiwa mingi, mto unapungua. Asiyechorwa halaumiwi. Lakini maji yatagawanywa tu, na kwenye ramani hiyo hatakuwa na wa kumtetea.

Mwishowe nilimchora. Kama nilimtendea wema, sijui hadi leo. Najua tu kwamba kila wavu una wanaopita, na mwenye wavu hana haki ya kusema eti kompyuta imeonyesha pale hapana mtu.

Na wewe mwandishi mwenzangu, sentensi zako zina matundu mapana kiasi gani?