Mfungueni Mama Aliyepinda

Wapendwa wa Isevya, Luka sura ya 13 yatupa habari za mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, asiweze kujiinua kabisa. Waliosali naye walikuwa wamemzoea. Hilo ndilo linalonichoma: walimzoea! Bwana alipomponya, mkuu wa sinagogi akakasirika kwa kuwa ilikuwa sabato. Yesu akawakumbusha kwamba ng'ombe na punda wao huwafungulia siku hiyo hiyo wakanywe maji. Binti wa Abrahamu je?

Nasi tumezoea. Bibi anafupika mwaka hadi mwaka, kanga inaburuza upande wa mbele, na sisi twasema ni uzee. Si uzee mtupu! Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake yaweza kudhoofika hata pingili ya mgongo ikavunjika kwa kuinua ndoo tu. Inabonyea mbele kama kabari, mgongo unaifuata. Nyingine huvunjika bila maumivu makubwa, na ikishavunjika moja, ya pili i karibu.

Mji huu ulijengwa na migongo. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo kwa mabega yao, na sisi wajukuu wao bado twaona mzigo ni heshima. Basi beba wewe, kijana! Dumu la lita 20 si la bibi yako.

Yuko adui mwingine pia: kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza Percivall Pott wa London mwaka 1779. Hicho hula pingili mpaka ziporomoke, hata za watoto. Mtoto huenda asikohoe kabisa; mgongo unamuuma usiku, anakonda, kinundu kinachomoza, miguu inalegea. Jamani, hajarogwa! Wala bibi aliyepinda si mchawi. Unyamwezi na Usukuma zimekwisha kuua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizotupikia. Damu hiyo inatulilia. Ole wetu tukiwatafutia na migongo yao hatia!

Mgonjwa mpelekeni hospitali ya Kitete, apigwe eksirei. Dawa za kifua kikuu serikali huzitoa bure. Humezwa miezi 6 hadi 12, wala haziachwi maumivu yakitulia. Bibi mwenye mifupa dhaifu atapewa dawa za maumivu, na za kuimarisha mifupa ili pingili nyingine zisimvunjikie. Ale dagaa, aote jua, afundishwe mazoezi ya mgongo. Msimlaze miezi kitandani kwa huruma. Kulala kunazidi kuidhoofisha mifupa. Wachache watahitaji upasuaji, pengine safari ya hospitali ya Muhimbili. Mgongo uliopinda siku nyingi huenda usinyooke wote, lakini maumivu yaweza kupungua na kupinda kukazuiwa kuendelea.

Msimpakie bodaboda, changeni nauli ya gari. Na kama miguu imeanza kufa ganzi, au mkojo unamtoka bila kujua, msingoje Jumatatu. Ondokeni naye hata katikati ya ibada, hata mahubiri yangu hayajaisha.