Hesabu ya Kesho na Wajibu wa Leo

Liko swali la zamani ambalo kila kizazi hulijibu upya: je, mtu aliyeonywa juu ya hasara isiyo yakini yampasa kuizuia, au ana haki ya kungoja hata aione kwa macho? Watu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki waulizwa swali hili na misitu yao wenyewe.

Tazama, msomaji, hali ya nchi hiyo. Magharibi ya Nyeri ni safu ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare. Mashariki ni Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Katikati ni mashamba, miji na barabara. Katika misitu ya juu huishi bongo wa milimani, mnyama wa jamii ya swala, mwekundu wa ngozi na mwenye milia myeupe, ambaye porini hapatikani katika nchi yoyote ila Kenya. Waliobaki porini wakadiriwa kuwa hawafikii 100. Na joto laongezeka: kati ya 1934 na 2010 barafu ya Lewis, juu ya Mlima Kenya, ilipoteza karibu sehemu 9 katika 10 za ujazo wake.

Wataalamu hujaribu kujua mapema makazi ya wanyama yatakuwaje. Huandika kila mahali mnyama alipoonekana. Hupima mvua, joto, mwinuko na aina ya miti ya hapo. Hutafuta kanuni iunganishayo mambo hayo. Kisha huuliza: joto likizidi kiasi hiki, moto ukipita hapa, miti ikikatwa pale, mnyama atabakiwa na nini? Hesabu hiyo huitwa kielelezo.

Kielelezo kina upungufu wake. Mnyama aweza kuonekana mahali, si kwa kuwa apapenda, bali kwa kuwa ndipo alipokimbilia kuwaepa wawindaji na mashoka. Hesabu ikimwona huko tu, yaweza kudhani kwamba mahali pengine hapamfai. Lakini kosa la hesabu huweza kuelekea pande zote mbili: hasara yaweza kuwa ndogo kuliko ilivyokisiwa, au kubwa zaidi. Asemaye, “Hamna hakika, basi niacheni,” amejichagulia upande mmoja wa mashaka, ule umfaao yeye.

Tena yako mambo yasiyohitaji hesabu ndefu. Mlima ni mpana chini na mwembamba juu. Joto likipanda, mimea na wanyama wapendao baridi hupanda nalo, na kadiri wapandavyo nafasi hupungua. Wakitaka kuhamia mlima wa pili, hukuta mashamba na barabara. Joto huwasukuma, na shoka huwafungia mlango.

Hapa mtu atauliza kwa haki: “Je, mama aokotaye kuni kando ya msitu alale na njaa kwa ajili ya swala?” Swali hilo halistahili dharau. Amri imtwikayo maskini gharama yote ni dhuluma, hata kama hesabu yake ni sahihi. Joto la dunia limeletwa zaidi na viwanda na magari ya nchi za mbali kuliko jiko lake. Lakini misitu ile ndiyo ilindayo chemchemi za Mto Tana. Kumhurumia leo kwa kuufyeka msitu ni kumkopesha kwa riba ambayo watoto wake watailipa. Haki ni kumpa njia nyingine ya kupata kuni na riziki kabla ya kumfungia ile ya kwanza.

Jambo hili lawezekana. Mnamo 2011 njia ya tembo ilifunguliwa chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, ili kuunganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Mwaka huo huo tembo wakaipita. Magari hayakuzuiwa, njia ikawekewa uzio, na wanyama wakapata mlango. Walioijenga hawakuwa na yakini kwamba tembo wangekubali kupita. Walikuwa na sababu njema, wakatenda.

Basi, kijana, usichanganye kielelezo na ramli. Ramli husema, “Itakuwa.” Kielelezo husema, “Mkifanya hivi, itakuwa hivi.” Matendo yetu ni tarakimu mojawapo ndani ya hesabu hiyo, na aliye ndani ya hesabu hawezi kujifanya mtazamaji. Joto la dunia huliwezi peke yako. Lakini moto uwashwao kwa uzembe, mti ukatwao bila kupandwa mwingine, na kura utakayopiga ukiwa mtu mzima, hayo unayaweza. Usingoje yakini. Yakini juu ya mnyama wa mwisho huja siku ambayo hayupo tena.