Mali Yenye Shaka

Twataka kulitazama swali hili: mtu akiwa na chakula anachokiuza, ikaingia shaka kuwa huenda kina madhara, na yakini hana, je, yampasa kukizuia, au yafaa aendelee kukiuza mpaka madhara yadhihiri?

Wako wasemao kuwa mali ya mtu haiharibiwi kwa dhana, na kumtia mchuuzi hasarani kwa jambo ambalo pengine halipo ni dhulma. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini na tuzipime hasara mbili. Aliyetupa kapu la matunda amepoteza fedha, na fedha hutafutwa zikapatikana. Aliyekula akafa, nani wa kumrudisha? Mwaka 2011, huko Colorado, Marekani, matikiti ya shamba moja yaliyoingia vijidudu vya listeria yaliwaugua watu 147, wakafa 33. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo mkaguzi alikuwa amelipa shamba hilo alama 96 kwa 100. Matikiti yalipoanza kurudishwa, Septemba, wengi walikuwa wamekwisha kula. Basi uzuri wa sura na sifa za karatasi haviondoi shaka.

Na Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani mna umaji, alimlaumu mwenye mali kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Muuzaji akijualo, mnunuzi ana haki ya kulijua.

Hapa Kenya, Novemba 2019, Shirika la Viwango lilizuia aina tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumukuvu, na likaamuru zirudishwe kutoka madukani. Hayo yaliwezekana kwa kuwa mfuko wa unga una jina na nambari. Sasa na tutazame Kaptembwo, mtaa ulioko magharibi ya mji wa Nakuru. Embe iliyochumwa kwetu pwani hufika huko imekwisha pita mikono mingi, na haina jina. Papai hukatwa kando ya njia, likaliwa papo hapo. Vijidudu vilivyo juu ya ganda huchukuliwa na kisu mpaka ndani. Jioni mchuuzi akipata habari mbaya, atamwita nani? Hamjui aliyemwuzia.

Hapa ndipo ilipo nukta yetu: asiyeweza kuiita mali yake irudi, wajibu wake hutangulia kuuza. Shaka yake na imsimamishe kabla hajapokea senti.

Lakini si haki mzigo huu wote kumtwika mama mwenye kapu moja, ambaye kapu hilo ndilo chakula cha wanawe. Anakaa katika ploti ambayo choo kimoja hutumiwa na jamaa wengi, na maji ya kuoshea tunda na kisu huyanunua kwa mtungi. Mwenye ploti asiyejenga choo cha pili, serikali ya kaunti isiyofikisha maji, tajiri apakiaye matunda lorini bila kuyatazama, na mnunuzi apendaye rahisi asiulize limeoshwa kwa nini: kila mmoja ana fungu katika dhambi hiyo. Na wakishirikiana katika faida ya tunda, washirikiane pia katika hasara ya kulitupa. Pasipo hivyo, tunamwamrisha maskini uaminifu ambao sisi wenyewe hatutaki kuulipia.