Kodi haiitakasi kamari

KILA bajeti inapokaribia, mjadala wa kodi ya kamari hurudi. Mwaka 2025 kodi ya ushindi katika ubashiri wa michezo ilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 15. Wenye makampuni hoja yao ni ile ile: mkitubana, wachezaji watahamia mitandao ya nje isiyolipa kodi hapa, na Serikali itakosa yote.

Sisi wa Geita na Shinyanga hoja hiyo tunaijua. Mwaka 2019 Serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na soko la dhahabu likafunguliwa Geita, ili mali isitoroshwe. Ilikuwa busara. Dhahabu ni neema ya Allah (S.W) ardhini, ikibaki nchini, mali imebaki. Je, kamari ikibaki nchini, kimebaki nini?

Tutazame kodi yenyewe. Kampuni ya ubashiri hutozwa kwa fedha zilizowekwa na wachezaji, zikitolewa zile walizolipwa washindi. Kwa lugha ya vijana wetu, hiyo ni hesabu ya mikeka iliyochanika. Kijana ametoka duarani, amepata mgao wake, jioni umekwisha kwenye simu. Hasara yake ndiyo pato linalotozwa kodi. Ili Hazina ipate zaidi, sharti yeye apoteze zaidi.

Wanafunzi wangu huniuliza: Ustadh, mbona fedha hizo zinasaidia wagonjwa? Ni kweli, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeitaja kodi hiyo kuwa moja ya vyanzo vyake. Lakini hoja hii si mpya. Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu wa zama za Jahiliya walicheza kamari kwa nyama ya ngamia, na washindi wakawagawia maskini. Pamoja na hayo, Qur'an (2:219) imekiri kuwa yamo manufaa, kisha ikahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Na katika 5:90-91 tumeamrishwa kuiepuka, kwani shetani huitumia kupanda uadui na kutuzuia na swala.

Ndugu zangu Waislamu, kodi ikipanda mchezaji anahama, ikishuka anabaki. Anayeacha kwa kumcha Allah hahami wala habaki. Huyo ndiye tumtafute. Mwenye fremu asiipangishe kwa mashine za kamari. Imamu alizungumze hili kwenye khutba, hasa migao inapotoka. Mzazi aulize fedha imekwenda wapi. Na Serikali tuishauri bila woga: tiba ya maskini isitegemee hasara ya maskini mwenzake.

Wabillahi tawfiq.